Neno Nililopewa Msimu wa Tumbaku

Jumanne, 6 Mei

Muhula umefunguliwa leo na mimi nimetukanwa. Mwalimu Walter amegawa vitenzi vya Kiingereza, kila mwanafunzi chake, tukae navyo mpaka tufunge, kama mtu anavyopewa ndama wa kuchunga. Liz kapata "get". Mzee Elkana, mwenye miaka sitini na tisa na meno manne, kapata "break", kuvunja. Okari wa bodaboda kapata "take". Mimi Milka, mama wa watoto wanne na mkulima wa tumbaku kwa miaka kumi na tisa, nimepewa "run". Neno la mtoto wa chekechea!

Nilisimama. "Mwalimu, hii naijua tangu darasa la kwanza. Run ni kukimbia. Nipe ingine."

"Mama Levis," akasema, na lile tabasamu lake la watu wa kisiwa cha Rusinga, "niletee maana ishirini mwisho wa muhula, ndiyo useme unaijua."

Darasa zima likacheka. Sisi wa gumbaru, shule ya watu wazima, tuko kumi na wawili, tunasomea kwenye ukumbi wa senta Jumanne na Alhamisi saa tisa alasiri, na hakuna aliye na haya ya kumcheka mwenzake.

Mwalimu pia ametuambia kila mtu aweke daftari la siku, kwa lugha asiyoiogopa. Yangu ni hii. Kwa hiyo niandike kwanza kwa nini nasoma, nisije nikasahau msimu ukiwa mzito.

Mwezi wa nne tulikuwa na mkutano wa chama cha wakulima. Mwenyekiti wetu, Nyangau, alisoma karatasi ndefu ya Kiingereza. Aliisoma vizuri, sauti inapanda na kushuka kama ya mhubiri, na alipomaliza watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote, mpaka viganja vikawasha. Njiani Okari akaniuliza, "Mama Levis, mbona umepiga makofi? Wamesema kuanzia mwaka ujao ni mwenye hatimiliki tu ataandikishwa kama mkulima."

Hatimiliki ya shamba ina jina la mume wangu, Mirumbe. Yeye aliacha tumbaku miaka kumi na tisa iliyopita akaingia kwenye biashara ya ng'ombe. Nambari ya mkulima ni yangu, na majani ni yangu tangu yakiwa mbegu. Nilikuwa nimejipigia makofi ya kunifuta.

Karatasi itapigiwa kura ya mwisho tarehe mbili Agosti. Nyangau amesema mwenye pingamizi alete kwa Kiingereza, kwa kuwa karatasi ni ya Kiingereza. Mwanangu Levis alipiga simu kutoka Nairobi akasema ataniandikia. Nikamwambia, wewe andika, lakini wakiniuliza swali la pili nitajibu na mdomo wa nani?

Ndiyo sababu.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua. Maana za run: moja.

Jumanne, 13 Mei

Nimepata mbili kwa mpigo, tena mahali ambapo sikutegemea.

Ruqia ana duka la nguo pale senta. Tunasoma naye lakini hukaa nyuma kabisa, buibui lake safi hata siku za matope, na hasemi ila akiulizwa. Nimekuwa nikimwona mwanamke wa kujiona. Leo nilipita kununua leso nikamkuta kwenye simu na mtu wa kumletea mizigo. Nikamsikia waziwazi: "No, not my husband. I run this shop."

Nilisahau leso. "Ruqia! Duka linakimbiaje?"

Akaweka simu chini, na kwa mara ya kwanza nikamwona akicheka. "Halikimbii, mama. Ninaliendesha. Abdisalam ana lake kule Isebania, hili ni langu. Kuagiza mimi, kufungua mimi, kufunga mimi. Hiyo ndiyo run."

Kisha akaivuta leso niliyokuwa nimeishika, ya bluu, akasema, "Chukua hii nyekundu. Hiyo ya bluu colour yake ita-run ukiiosha."

Kwa hiyo duka hu-run na rangi hu-run. Nilinunua ile nyekundu.

Ijumaa, 16 Mei

Mtoto wa Liz ana mafua. Pua nayo hu-run. Nne.

Jumatano, 21 Mei

Palizi. Mgongo.

Alhamisi, 29 Mei

Leo nilimlalamikia mwalimu mbele ya watu. Nilimwambia Kiswahili kina adabu, kila kitu kimepewa neno lake: pua hutoka kamasi, rangi huchuja, duka huendeshwa, mto hutiririka, homa hupanda. Waingereza hivyo vyote wamelitwika neno moja, kama sufuria moja inayoazimwa na kijiji kizima siku ya matanga.

Mwalimu akaweka chaki chini. "Mama Levis, mimi nimezaliwa Rusinga, nyumbani tulikuwa tunasema Dholuo tu. Unajua nililia kwa Kiswahili sababu ya neno gani? Piga. Nilijua kupiga ni kuchapa mtu. Nikaenda shule Mbita, mwalimu anasema piga magoti. Piga mstari. Piga pasi. Piga picha, piga simu, piga kura, piga mswaki. Nikauliza baba, hawa watu wanachapa kila kitu?"

Mzee Elkana alicheka mpaka akashika ubavu. Mimi nilicheka pia, lakini nilirudi nyumbani nikizihesabu piga zangu. Miaka yote hii nasema piga na sijawahi kuona kwamba nimebeba sufuria ya matanga kichwani mwangu mwenyewe.

Mume wangu aliniuliza nawaza nini. Nikasema Kiingereza. Akasema, "Kiingereza hakipalilii." Ukali huo hu-run katika ukoo wao, hata babake alikuwa hivyo. Hiyo ni ya saba.

Jumanne, 10 Juni

Tumeanza kuvuna. Majani ya chini yameiva, tumeyafunga kwenye fito na kuyaning'iniza kwenye bani, ile nyumba ndefu ya udongo ya kukaushia, na tangu asubuhi moto unawaka.

Anayesoma hapa na hajawahi kukausha tumbaku hataelewa, kwa hiyo nieleze. Moto wa bani haulali kwa wiki nzima. Siku mbili za kwanza uwe mdogo, majani yageuke manjano polepole. Ukiharakisha, yanapikika yakiwa mabichi. Baadaye unaupandisha kidogo kidogo mpaka mishipa ya jani ivunjike kama kijiti. Ukiulegeza hapo, majani yanakuwa meusi na msimu wako umekwisha. Mtu haachi moto akaenda kusoma vitenzi.

Ndiyo maana leo darasani tulikuwa wanne, nami nilikuwa nimemwachia jirani moto kwa saa moja tu. Mwalimu aliita majina kumi na mawili, akaweka alama za kutokuwepo nane, na mkono wake ulikuwa mzito. Darasa likishuka chini ya kumi na wawili ofisi inalifunga, na yeye anahamishwa. Asiyekuwepo na lake halipo.

Nilimwambia, "Mwalimu, kama wanafunzi hawawezi kuacha moto, si darasa liende kwa moto?"

Alhamisi, 12 Juni

Darasa limekuja kwa bani langu! Wote kumi na wawili. Wamekalia magogo, ubao umeegemezwa kwenye mti wa mkaratusi, na mimi naongeza kuni huku nikisoma. Okari alifika na pikipiki akaiacha ikinguruma. Mwalimu akamwambia, "Don't leave it running." Nikaruka juu. Nane!

Mzee Elkana alimvunja mbavu kila mtu aliposema kwa Kiingereza kwamba day breaks, news breaks na meno yake pia.

Jumanne, 17 Juni

Kwa Mzee Elkana. Viazi vimechomwa kwenye majivu ya bani. Mwalimu alileta omena, wale dagaa wa kwao Rusinga.

Alhamisi, 19 Juni

Kwa Liz. Kuni zilituishia katikati ya somo: run out. Kumi na moja. Ruqia aliagiza mzigo wa kuni kutoka senta kwa pesa zake bila kuulizwa. Huyu mwanamke nilimkosea sana kichwani mwangu.

Jumanne, 24 Juni

Sasa hatuhitaji hata kuambiana. Ukitoka nyumbani unatazama moshi mpya umeanzia wapi, unaufuata. Tumejiita Fuata Moshi.

Jumanne, 1 Julai

Lazima niandike.

Leo tulikuwa kwa Mzee Elkana tena, majani yake ya katikati. Saa kumi na moja tunarudi senta, tunakuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa ukumbi. Mwalimu aliisoma, akaisoma tena, kisha akakaa chini pale kwenye ngazi.

Ofisa wa elimu ya watu wazima alikuja kutoka Migori bila taarifa. Bwana Mokaya. Alifika saa tisa kamili, saa ya darasa. Alikuta ukumbi umefungwa, na mbele yake mbuzi watatu na mama mmoja anaanika mihogo. Rejista haikuwepo, kwa kuwa ilikuwa mkononi mwa mwalimu, huko kwa moto. Aliuliza watu, wakamwambia, "Darasa liko kwa moshi." Akageuka kutazama, na kulikuwa na moshi saba, kila upande wa kilima.

Basi ameandika kwamba darasa letu ni hewa. Mwalimu anakula mshahara wa wanafunzi wasiokuwepo. Linafungwa kuanzia mwisho wa mwezi.

Darasa hewa! Sisi, tulio na masizi puani!

Kosa ni letu, na ni kosa la kijinga. Sote kumi na wawili tulijua darasa liko wapi, tukadhani dunia nzima inajua. Hakuna aliyefikiria kuandika mstari mmoja wa chaki mlangoni. Tunajifunza kuandika miezi miwili, na siku tuliyohitaji kuandika hatukuandika.

Mwalimu alisema, "Mimi nitarudi Rusinga, nitavua omena. Lakini nyinyi?" Liz alianza kulia. Mimi sikulia. Nilikuwa nahesabu: kutoka leo hadi tarehe mbili Agosti ni mwezi mmoja, na nina Kiingereza cha nusu.

Jumatano, 2 Julai

Nimejua yote. Nilikwenda kwa Ruqia, na yeye hakutaka kusema, nikamlazimisha. Ofisa alipokuwa anauliza, kulikuwa na mwanamume amekaa pale hotelini anakunywa chai. Ofisa alimwuliza kama kuna darasa la watu wazima hapa. Mwanamume akajibu, "Darasa gani? Hapa kuna wanawake wanaokwepa kazi tu."

Mwanamume huyo ni mume wangu.

Alhamisi, 3 Julai

Nimempikia. Sijamsemesha.

Jumamosi, 5 Julai

Bado.

Jumapili, 6 Julai

Leo baada ya kanisa alisema, "Mama Levis, ilikuwa mzaha."

Nikamjibu, na hili nalinukuu kwa kuwa nililifikiria siku nne: "Baba Levis, umenichekesha hadi nimefungiwa shule mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa darasa la saba, baba yangu alipopokea ng'ombe wenu."

Alitoka akaenda akasimama kwenye zizi muda mrefu akiwatazama ng'ombe. Nilimwonea huruma kidogo, na nikajikasirikia kwa kumwonea huruma.

Alhamisi, 10 Julai

Mwalimu amerudi kutoka Migori. Amekaa nje ya ofisi siku mbili na rejista kwapani. Bwana Mokaya hatimaye alimpokea, na amesema hivi: Alhamisi ijayo, tarehe kumi na saba, saa nne asubuhi, wanafunzi wote kumi na wawili wawe mbele yake Migori. Si kumi, si kumi na mmoja. Kila mmoja asimame aseme Kiingereza. Akipungua hata mmoja, darasa ni hewa kama alivyoandika.

Tulishangilia. Kisha Mzee Elkana akauliza, "Na moto?"

Wiki hiyo ndiyo majani ya juu yanaingia, yale mazito, ambayo ndiyo bei ya mwaka. Mabani matano ya wanafunzi yatakuwa yanawaka siku moja. Langu litakuwa manjano, la Liz litakuwa linapanda, la Mzee Elkana litakuwa mwisho kabisa. Kila moja na joto lake. Kwenda Migori na kurudi ni siku nzima.

Jumamosi, 12 Julai

Liz amesema hawezi. Mama mkwe wake amemwambia akiharibu majani asirudi. Simlaumu.

Jumapili, 13 Julai

Maana kumi na saba. Sina hata hamu ya kuzihesabu.

Jumatatu, 14 Julai

Nilimkuta mume wangu mbele ya bani langu. Amesimama, kiganja kimebandikwa kwenye ukuta wa udongo, macho yamefungwa. Nilidhani anaumwa.

"Uko na homa?"

"Nyamaza kwanza." Baadaye kidogo akasema, "Upande wa huku moto unavuja. Jioni utaona majani ya kona yamewahi. Weka udongo hapo chini."

Niliangalia kipimajoto. Alisema kweli. Nilimwuliza amejulia wapi, akasema babake hakuwa na kipimajoto, alikuwa na mkono, na aliupitisha kwake. Miaka ishirini na sita nimeishi na mtu huyu na sikujua hilo. Nilidhani aliacha tumbaku kwa sababu haijui.

Jumatano, 16 Julai

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Mchana mume wangu aliwaita watu kwa bani letu: mke wa Mzee Elkana, mama mkwe wa Liz, na wenye yale mabani mengine mawili. Wakaja wakidhani kuna msiba. Akasimama mbele yao, mwanamume ambaye hajawahi kuomba chochote tangu nimjue, akasema:

"Mimi ndiye nilimwambia ofisa hapa hakuna darasa. Nilikosea. Kesho hawa waende Migori wote. Moto wa mabani yote matano nitauangalia mimi. Nyinyi leteni kuni tu, mimi nitatembea."

Mama mkwe wa Liz akamwuliza, "Na yakiharibika?"

"Yakiharibika, kuna zizi kule. Kila mtu atachagua ng'ombe."

Mama yule alimtazama, akatazama zizi, akasema, "Liz, nenda ukatafute viatu."

Baadaye, tukiwa wawili, nilimwambia, "Baba Levis, ng'ombe wako?"

Akasema, "Ng'ombe walishawahi kukukosesha shule. Wacha warudishe."

Nimeandika hapa kwamba nampenda, kwa kuwa kwa mdomo nitaona haya.

Alhamisi, 17 Julai

Tumeshinda!

Sasa nirudi mwanzo. Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa senta, kumi na mmoja. Ruqia hayupo. Saa moja hayupo. Mwalimu alianza kutembea huku na huku. Kisha tukamwona anatoka dukani, anashusha mlango wa chuma, anafunga kufuli mbili. Alisema tangu afungue duka hilo, miaka tisa, hajawahi kulifunga siku ya kazi. Alikuwa anaandika tangazo la mlangoni. Tulilisoma: "Closed today. The owner is at school." Mwalimu aliligusa kwa kidole kama mtu anayegusa kitu kitakatifu. Sisi tuliokosa mstari mmoja wa chaki!

Migori, ofisini, Bwana Mokaya ni mtu mfupi, mkavu, miwani imekaa ncha ya pua. Alituhesabu kwa kalamu. Akatuhesabu tena. Kisha akaita mmoja mmoja.

Okari alisema "take" mpaka akaambiwa inatosha. Liz alianza kwa kunong'ona, akamaliza akiwa amenyanyua kidevu. Mzee Elkana alisimama, akakwama. Nikakumbuka viazi kwenye majivu, nikajifanya navunja kitu kwa mikono. Akaniona. "My friends," akasema, "we break food together." Ofisa aliandika kitu, na uso wake ukalegea kidogo.

Nikaitwa mimi.

Nilisema yote, bila karatasi. Kwamba mto Migori hu-run hata kiangazi. Kwamba pua hu-run, na rangi mbaya hu-run, na injini, na homa ya mtoto, na hasira katika ukoo wa mume wangu. Kwamba kuni zikiisha tume-run out. Kwamba mwenzangu Ruqia hu-run duka. Nilipofika ya ishirini na moja aliniinulia mkono.

Akaniuliza kwa Kiingereza, taratibu, nilikuwa wapi siku ya tarehe moja Julai saa tisa.

Hilo halikuwa kwenye vitenzi. Hilo ndilo lile swali la pili nililomwambia Levis. Nikajibu, na maneno yalitoka kwa mdomo wangu mwenyewe: "Sir, we were in class. The class was at the fire. You looked for a door. You should have followed the smoke."

Mwalimu alifumba macho. Mimi nikaona nimeharibu. Lakini Bwana Mokaya alivua miwani, akasema kwa Kiswahili, "Pafukapo moshi hapakosi moto. Mimi mwenyewe ni mtoto wa shamba, ningejua." Kisha akauliza, ni kwa nini mama mzima ahangaike na neno dogo kama run? Nikamwambia, kwa Kiswahili sasa, kwamba kila lugha ina neno moja la kubeba mizigo ya jirani zake. Lenu la shuleni ni run, letu ni piga. Akafikiria. Niliona midomo yake ikihesabu: piga simu, piga pasi, piga kura. Akaanza kucheka peke yake, na alikuwa bado anacheka alipogonga muhuri.

Darasa lipo. Limeandikwa lipo. Sharti ni moja tu: kila tunapohama, tuandike mlangoni tulikokwenda.

Tulirudi tukiimba. Nilishukia kwa bani la Mzee Elkana kwanza, halafu la Liz, halafu mengine. Kila mahali nikaambiwa, "Ametoka hapa sasa hivi." Nilimkuta kwangu, amekaa kwenye gogo, midomo imekauka, miguu imejaa vumbi hadi magotini, kiganja cha kulia chekundu kwa kuta za mabani matano. Alikuwa ametembea tangu alfajiri.

"Umefaulu?"

"Wote."

Akanionyesha kwa kidevu. Nikafungua kidirisha cha bani. Majani yote, kona hadi kona, manjano kama ndizi mbivu.

Ijumaa, 18 Julai

Hakuna bani lililoharibika hata moja. Mama mkwe wa Liz anawaambia watu wa senta kwamba yeye ndiye aliyemshauri Liz asome.

Jumanne, 22 Julai

Mlangoni, kwa chaki, mwandiko wa Mzee Elkana: "Class is at Liz." Mwalimu hakusahihisha chochote.

Jumamosi, 2 Agosti

Mkutano. Watu walijaa ukumbi hadi nje. Nyangau aliisoma ile karatasi tena, sauti inapanda na kushuka. Safari hii nilikuwa naifuata neno kwa neno, na nikagundua jambo: alikuwa anapumzika mahali ambapo sentensi haijaisha. Alipofika mwisho, mikono ikaanza kuinuka kupiga makofi. Nikasimama.

"Mwenyekiti, I have an objection."

Mikono ikabaki hewani. Nikasema kwa Kiingereza kile kifungu kinasema nini, kisha nikakisema kwa Kiswahili, kisha kwa Kikuria, lugha yetu ya nyumbani, ili hata bibi wa mwisho asikie. Wanawake waligeukiana. Mwanamume mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Lakini shamba si ya bwanako?"

"Ardhi ni yake," nikasema. Kisha nikamgeukia katibu, kwa lugha ya karatasi. "The land is his. The farm, I run it."

Mume wangu alikuwa amekaa karibu na mlango. Akasimama, akavua kofia. "Ni kweli. Mimi niliangalia moto siku moja tu, na miguu bado inaniuma. Yeye ameuangalia miaka kumi na tisa."

Nilitazama Nyangau, nikisubiri vita. Yeye aliishusha karatasi, akajifuta uso kwa leso. Akasema polepole, "Mama Levis, mimi nisiseme uongo mbele ya watu. Hii karatasi ililetwa hivi. Nimekuwa nikiisoma tu kama redio. Hata mimi hicho kifungu sikukielewa." Na nilipoona haya usoni mwake, hasira yote ya tangu mwezi wa nne ikaniishia. Nilimwambia viti bado vipo gumbaru, na ajiandae kupewa kitenzi.

Akauliza basi kiandikwe vipi. Nikasema waondoe "title holder", mwenye hatimiliki, waandike mkulima ni "any person who runs a tobacco farm", mtu yeyote anayeendesha shamba la tumbaku. Katibu aliniomba nirudie. Nikarudia. Akaniuliza run inaandikwaje, nikamtajia herufi tatu, na Mzee Elkana nyuma yangu akasema, "Tatu tu? Kelele zote hizi?"

Ikapigwa kura. Mikono mia moja na arobaini upande wetu, na kumi na tisa upande ule.

Kisha makofi. Nilisubiri kwanza katibu amalize kuandika, nikasogea, nikainama, nikasoma mstari wote mwenyewe kutoka mwanzo hadi nukta. Neno langu lilikuwepo, kwa wino. Ndipo nami nikapiga makofi, na viganja vikawasha vizuri.